Gari Lenye Mtandao: Tuhesabu Gharama Kwanza

(Maneno yaliyotolewa kwa wasimamizi wa miradi na madereva wa dayosisi)



Vituo vyetu vinauliza: tukinunua gari la mradi, je, tulipie na kifaa cha kuliunganisha na mtandao? Tunaona vema tujue kwanza ni nani atakayelipa, na kwa muda gani.

Gari la namna hii hubeba laini kama ya simu yako. Hutuma taarifa za mahali lilipo, mwendo wake na hali ya injini. Bei ya kifaa ni mwanzo tu, kwa kuwa data hulipiwa daima. Nao mnara wa simu una gharama ile ile, yapite magari kumi au elfu kumi. Ndiyo maana mtandao huwahi mijini na huchelewa vijijini, waliko wagonjwa wetu wengi.

Tujifunze kwa Marekani. Mwaka 1999 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo (FCC) ilitenga masafa ya megahezi 75 ili magari yapeane taarifa na kuepusha ajali. Lakini kifaa hicho hufaa pale tu magari mengine yanapokuwa nacho, na magari machache sana yalifungwa. Mwaka 2020 tume iliamua megahezi 45 zitumike kwa Wi-Fi, zikabaki 30 kwa magari.

Tena, mwaka 2022 kampuni kubwa za simu nchini humo zilizima mitambo ya 3G. Magari mengi yenye injini nzima yakapoteza huduma ya kuita msaada yenyewe baada ya ajali. Gari huweza kudumu miaka 20. Teknolojia ya simu haingoji.

Hata magari yanayojiendesha hubeba kompyuta zake ndani, maana breki haiwezi kusubiri mtandao uliokatika.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, tuulize:

1. Je, mtandao unafika katika njia tunazopita?
2. Mitambo ikibadilishwa, nani atalipia kifaa kipya?
3. Mfadhili akimaliza muda wake, fedha za data zitatoka wapi?

Katika Luka 14 Bwana wetu alimsema mtu aliyeanza mnara akashindwa kuumaliza. Tusiwe sisi.