Tom Feelings: Kiswahili Mikononi mwa Mchoraji wa Watoto



Kuenea kwa Kiswahili nje ya Afrika Mashariki aghalabu huelezwa kwa kutaja vyuo vikuu vinavyokifundisha na idhaa za redio zinazokitumia. Vitabu vya watoto husahauliwa. Hata hivyo, viwili vilivyochapishwa Marekani katika miaka ya 1970 vinastahili nafasi katika historia hiyo, pamoja na mchoraji wake, Tom Feelings.

Feelings alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1933. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora katika gazeti la New York Age katuni za mvulana mweusi ambaye, kwa kusoma, hujikuta ana kwa ana na mashujaa wa historia ya watu wake. Mwaka 1964 alihamia Ghana ya Kwame Nkrumah na kuwa mchoraji katika uchapishaji wa serikali. Baada ya kurejea kwao mwaka 1966 alichora picha za To Be a Slave (1968), kitabu cha Julius Lester kuhusu maisha ya watumwa.

Vitabu vya Kiswahili alivishirikiana na mkewe, Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda. Muriel aliandika maneno, Tom akachora. Moja Means One kilitoka mwaka 1971, na Jambo Means Hello mwaka 1974. Vyote viwili viliingizwa katika orodha ya heshima ya tuzo ya Caldecott, mwaka 1972 na 1975. Tom akawa mchoraji wa kwanza Mmarekani mweusi kupata heshima hiyo.

Kitabu cha kwanza hufundisha namba. Moja ni mlima Kilimanjaro. Kumi ni watoto wanaosikiliza hadithi. Hapa mwanaisimu ataona kasoro. Mlima ni mmoja, si moja. Wacheza bao ni wawili, si mbili. Namba moja hadi tano, pamoja na nane, hufuata ngeli ya nomino. Sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabu, hazibadiliki, wala kumi haibadiliki. Mfumo huo haumo kitabuni. Kadhalika, “Jambo” la kitabu cha pili, chenye herufi 24 bila Q wala X, ni salamu ya wageni. Wenyeji huambiana “Hujambo” na kujibu “Sijambo”.

Kasoro hizo ni za kweli, lakini zipimwe kwa haki. Mtoto wa Tanga naye huimba moja, mbili, tatu kabla ya kuulizwa anahesabu nini. Ngeli huja baadaye.

Swali zito zaidi ni kwa nini Kiswahili. Wengi wa Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati-Magharibi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mababu zao. Kilichaguliwa katika miaka ya 1960, wakati ambapo Maulana Karenga alikitumia kuipa majina sikukuu ya Kwanzaa (1966), kwa kuwa hakikufungwa na kabila moja. Uchaguzi huo una hatari yake: Afrika nzima yaweza kuonekana kama lugha moja na kijiji kimoja, na kwa kweli picha za Feelings hukaa zaidi kijijini kuliko mjini. Lakini mtoto mweusi wa Brooklyn aliyezoea kujiona kama kichekesho katika vitabu, au kutojiona kabisa, alikuta humo mama, mwalimu na mzee wenye sura tulivu, zilizochorwa kwa mwanga unaoonekana kutoka ndani ya ngozi yenyewe.

Maana ya kazi hiyo hudhihirika zaidi katika The Middle Passage (1995), kilichomchukua karibu miaka 20. Humo safari ya mateka kuvuka Atlantiki imesimuliwa kwa picha 64 zisizo na neno hata moja. Melini, lugha zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyopotea. Vitabu vya Kiswahili havikuzirudisha. Vilimpa mjukuu wa waliozipoteza lugha ya Kiafrika ya kuanzia.

Feelings alifariki mwaka 2003. Mtaalamu anayesahihisha “moja” yake afanya vyema. Ila na ajiulize pia: ni vitabu vingapi vya Kiswahili kwa watoto wa Kiswahili vinavyochorwa kwa heshima kama ile?