Nani Anaulinda Mtihani wa Saa Mbili?



Nimeombwa nizungumzie elimu na teknolojia. Nimechagua upande ambao huonekana siku mambo yanapoharibika tu: kazi ya kutafuta hitilafu katika mfumo wa masomo mtandaoni, na kuupandisha toleo bila kumuumiza mwanafunzi. Dai langu ni kwamba hii ni kazi ya kitaaluma. Anayegusa seva anagusa darasa, na kwa hivyo seneti ya chuo haiwezi kuwaachia mafundi peke yao mzigo huu, kisha iwalaumu matokeo yakichelewa.

Moodle, mfumo uliozoeleka katika vyuo vyetu, ulitolewa Agosti 2002 na Martin Dougiamas huko Perth, Australia. Dougiamas alikulia jangwani, na masomo yake ya utotoni aliyapata kwa redio. Nalitaja hilo kwa sababu sisi tunao wanafunzi wa namna yake: mwalimu wa Mfangano anayetafuta shahada bila kuacha darasa lake, mama wa Ahero anayesoma mtoto akishalala, kijana wa Mbita mwenye simu moja na bando la kubahatisha. Kwao mfumo ukizimika, chuo kimefungwa. Hawana mlango mwingine wa kubisha.

Chukueni asubuhi moja katika chuo cha ufuo huu wa ziwa ambacho sitakitaja. Mtihani wa mtandaoni ulianza saa mbili kamili. Muda si muda simu za ofisini zikaanza kulia: maswali yanafunguka, lakini ukibonyeza kuhifadhi jibu, ukurasa unazunguka tu. Wakuu wakasema ni intaneti. Wengine wakataka seva izimwe, iwashwe upya. Fundi mmoja, binti aliyekuwa mdogo kuliko wote chumbani, akauliza swali lililowashinda wakubwa: kusoma kunakwenda, kuandika ndiko kumekwama, mbona? Intaneti ikiwa mbovu huvuruga vyote viwili. Akafungua orodha ya kazi zilizokuwa zikiendelea ndani ya hifadhidata, akakuta foleni ndefu ya majibu yakingoja jedwali lifunguliwe. Lilikuwa limefungwa na kazi ya kuchukua nakala rudufu. Aliyeipanga aliitaka ifanyike saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa wamelala. Lakini seva ilikuwa ikihesabu saa za Greenwich, na saa kumi na moja alfajiri ya Greenwich ni saa mbili asubuhi ya Kisumu.

Huo ndio uchunguzi. Haukuanza kwa kugusa chochote. Ulianza kwa kuangalia ni kipi kinafanya kazi na ni kipi hakifanyi, kisha kusoma kumbukumbu za mashine. Lau seva ingezimwa kwa pupa, dalili zingefutika na tatizo lingerudi kesho yake saa ile ile.

Lakini sikilizeni lililofuata, maana ndilo linaloniuma. Chanzo kilijulikana mapema. Saa ya mtihani, hata hivyo, iliendelea kuhesabu, na fundi aliyeweza kuongeza muda kwa kubonyeza mara chache hakuwa na idhini. Mwenye idhini alikuwa safarini. Wanafunzi wakafungiwa nje ya mtihani wao na pengo la mamlaka, si na pengo la ufundi.

Hitilafu nyingine hutoka mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Kenya ikazorota. Siku kama hiyo fundi mwangalifu hujaribu kwanza kurasa zilizo kwenye seva za humu nchini. Zikifunguka upesi ilhali za ng'ambo zinasuasua, anajua asiguse seva yake. Na nyingine hutoka juu ya vichwa vyetu. Ufuo huu una radi nyingi, stima hupotea, na ikipotea hifadhidata ikiwa katikati ya kubadilishwa, kilichobaki ni nakala rudufu pekee. Nakala ambayo hakuna aliyewahi kujaribu kuirejesha siihesabu kuwa nakala.

Sasa kupandisha toleo. Vyuo vilifungwa kwa korona Machi 2020, masomo yakahamia mtandaoni, na toleo la 3.9 la Moodle likatoka Juni mwaka huo. Marekebisho yake ya usalama yalikoma Desemba 2023. Chuo kilichobaki pale hakiwezi kuruka moja kwa moja hadi 4.5, toleo la Oktoba 2024 lililoahidiwa matunzo ya muda mrefu, kwa kuwa 4.5 huwapokea tu wanaotoka 4.1.2 kwenda juu. Njia fupi ni kupitia 4.1. Chini ya Moodle kuna PHP, lugha ya kompyuta iliyoandikiwa, nayo ina masharti yake: 3.9 haivuki PHP 7.4, na 4.5 haikubali chini ya PHP 8.1. Toleo la 4.1 linazikubali zote mbili, kwa hivyo hapo ndipo pa kubadilishia. Asiyejua hili anaweza kuishia kwenye ukurasa mweupe usiosema neno.

Halafu kuna programu-jalizi, yaani programu zinazochomekwa ndani ya Moodle. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Maseno, wahadhiri wa hisabati wametumia STACK tangu 2019. Ni mfumo wa maswali ulioanzishwa na Chris Sangwin huko Uingereza. Kila mwanafunzi hupata namba zake, huandika jibu lake mwenyewe badala ya kuchagua herufi, na huelezwa papo hapo alipopotoka. Kwa darasa la mamia ya watu, ambalo mhadhiri mmoja hawezi kulisahihishia daftari kila wiki, hii ni neema kubwa. Lakini STACK haijui aljebra yenyewe. Huiuliza programu nyingine, Maxima. Seva ikibadilishwa na njia ya kuifikia Maxima ikakatika, Moodle itafunguka vizuri, matangazo yatasomeka, na fundi ataenda nyumbani ameridhika. Jumatatu mwanafunzi ataandika 2(x+3) mahali mwalimu alipoandika 2x+6, na hakutakuwa na wa kumwambia amepata. Kasoro hiyo huijua mapema mhadhiri wa hisabati aliyekaa na fundi wakijaribu maswali halisi.

Kwa hivyo naomba haya. Tarehe za kupandisha toleo ziandikwe katika kalenda ya masomo, mbali na wiki za mitihani. Kuwe na seva ya majaribio yenye nakala kamili ya mfumo, na kila idara imtume mhadhiri mmoja aijaribu kwa simu ya kawaida na bando la kawaida, akiwa nje ya chuo. Msimamizi wa mfumo apewe kiti katika kamati ya mitihani, pamoja na idhini ya maandishi ya kuongeza muda pale kosa linapokuwa la mashine. Gharama kubwa hapo ni seva hiyo na mishahara inayoweza kuwazuia vijana wetu kuhamia Nairobi mara tu wanapokomaa. Fungu hilo liingizwe katika bajeti ijayo, Mheshimiwa Chansela, kabla hatujasajili kundi jipya la wanafunzi wa mbali.