Kabla ya Kununua Boti: Galápagos, Rubondo na Maji ya Kagera



Tangu mwaka 2019, mapori yetu ya akiba yalipopandishwa hadhi na kuzaliwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato, kila kikao cha utalii katika mkoa wetu wa Kagera hakikosi mtu wa kusimama na kusema: tuna mto, tuna maziwa, tunachokosa ni boti. Nimekuja kwenye semina hii hapa Rugu, Karagwe, kupinga kauli hiyo. Boti ndicho kitu rahisi kuliko vyote, fedha ikipatikana inanunuliwa. Kigumu ni kuamua itatia nanga wapi, itashusha watu wangapi, nani atawaongoza, na kijiji kilicho jirani kitapata nini. Waliochelewa kuamua hayo wamejuta, na waliowahi ndio wanaovuna.

Mfano unaotajwa sana wa safari za aina hii uko mbali nasi. Visiwa vya Galápagos ni mali ya Ecuador, kama kilometa 1,000 kutoka pwani ya Amerika Kusini. Vilizaliwa na volkano, na baadhi ya volkano hizo hazijalala: ile ya Wolf ililipuka mwaka 2022, na ile ya kisiwa cha Fernandina ikamwaga uji wa moto hadi baharini mwaka 2024. Mwanasayansi Charles Darwin alifika huko mwaka 1835 na kukaa wiki tano. Wanaokwenda leo hufuata kobe wakubwa ajabu, mijusi aina ya iguana wanaopiga mbizi kula mwani, mnandi aliyesahau kuruka, na pengwini wanaoishi palepale kwenye ikweta.

Safari yenyewe huendeshwa hivi. Mgeni hulala melini. Usiku meli husafiri kutoka kisiwa hadi kisiwa. Asubuhi abiria huteremshwa kwa mashua ndogo za mpira, hutembea kwenye njia iliyowekewa alama, hurudi kula, na alasiri hushushwa mahali pengine. Mahali wanaposhushwa panabaki bila kitanda wala jiko wala choo cha mgeni. Meli haziruhusiwi kubeba zaidi ya abiria 100, na nyingi hubeba wachache kuliko hapo. Kila watu 16 lazima wawe na mwongozaji mwenye kibali cha hifadhi. Mnyama husogelewa mwisho mita mbili, hata kama yeye mwenyewe haoni shida. Na tangu mwaka 2012 kuna sharti ninalolipenda kuliko yote: meli iliyoshusha wageni mahali fulani hairudi pale mpaka siku 14 zipite. Ratiba ya kila meli hupangwa na hifadhi. Mwenye meli anapangiwa.

Wageni hawakukimbia kwa sababu ya masharti hayo. Mwezi Agosti 2024 kiingilio kwa wageni wengi wa nje kilipandishwa kutoka dola 100 hadi 200, na bado wanakwenda. Wanalipia hakika ya kwamba watakachokikuta hakijakanyagwa na umati wa jana.

Nisiwapambie. Galápagos imeumia pia, na imeumia zaidi nchi kavu kuliko majini. Hoteli na nyumba za wageni ziliongezeka mijini, watu wakahamia kutafuta kazi, mizigo ikaingia na mbegu na wadudu wasio wa pale. Mwaka 2007 UNESCO iliviweka visiwa hivyo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na ikaviondoa mwaka 2010. Kabla ya hapo mbuzi walioachwa na mabaharia walikuwa wamezaana kupita kiasi na kumaliza majani ya kobe. Serikali na wahifadhi waliwawinda kwa helikopta, wakaua zaidi ya laki moja. Najua hapa Karagwe habari ya mbuzi laki moja kuuawa na nyama kuachwa porini haisikiki vizuri. Hata mimi nilipoisoma niliwaza supu.

Sasa turudi nyumbani, maana wanyama wetu hawafanani na wale. Wa Galápagos hawamwogopi binadamu. Wetu wana kila sababu ya kutuogopa. Chukua nzohe, swala wa kwenye mafunjo. Kwato zake ndefu hupanuka ili asizame kwenye matope, na akishtuka huingia majini akabaki pua tu juu. Mzungu mpelelezi Speke, aliyepokewa na Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, alimwona nzohe katika ziwa moja la huku kwetu na kumwandika, na ndivyo wanasayansi wa Ulaya walivyomjua. Mnyama huyu amejulikana duniani kupitia Karagwe, lakini ukiwauliza vijana wetu wangapi wamemwona, mikono itakayonyanyuka ni ya kuhesabu.

Huwezi kumwonyesha mgeni nzohe kwa boti ya watu 40 yenye muziki. Unahitaji mtumbwi mpana wa watu sita au wanane, uondoke alfajiri, injini izimwe mapema, kisha upondo au kasia lifanye kazi iliyobaki. Mwongozaji awe mtu anayejua mafunjo yakitikisika bila upepo maana yake nini. Watu hao tunao tayari, ni wavuvi wetu. Wanajua pia jambo ambalo mtalii halijui: usijiweke kati ya kiboko na kina cha maji, na jua likianza kushuka mwachie njia, kwani ndio muda wake wa kwenda malishoni.

Rubondo inatuonyesha kwamba inawezekana. Hifadhi hiyo ya kisiwa ndani ya Ziwa Viktoria, iliyotangazwa mwaka 1977, hupokea wageni kwa boti kutoka upande wa Chato na Geita. Nzohe ni wenyeji pale, pamoja na viboko, mamba, fisi maji na furukombe. Sokwe waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka mabustani ya wanyama ya Ulaya, wakazoea msitu wakazaana. Kwa hiyo wakati Galápagos inaondoa wanyama wa kigeni, Rubondo iliwakaribisha. Sisemi nani alikosea. Na ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda inaendesha safari za boti kwenye Ziwa Ihema ndani ya Hifadhi ya Akagera. Mto ni mmoja. Viboko hawaulizi mpaka uko wapi.

Mto huohuo una deni letu. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Viktoria, na ndio uliobeba gugumaji lililolikaba ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Tukiruhusu boti zihamishwe kutoka ziwa moja hadi jingine bila kusafishwa sakafu, injini na nyavu, tutapandikiza magugu katika maziwa ambayo leo hayana. Galápagos hukagua meli na hata soli za viatu. Sisi tunaweza kuanza na ndoo ya maji safi, brashi na mtu anayelipwa kusimamia.

Usalama sitauzungumzia kirefu. Mkoa uliopoteza ndugu meli ya MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, hauhitaji kufundishwa. Chombo kikaguliwe na TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, idadi ya abiria iandikwe ubavuni, na asiyevaa jaketi okozi abaki nchi kavu, hata akiwa mheshimiwa.

Napendekeza semina hii ipeleke mambo matatu kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na halmashauri zetu kabla kibali chochote cha boti hakijatolewa. Mialo ya kuanzia safari iwe kwenye ardhi ya kijiji, nje ya mpaka wa hifadhi, ili chai, ndizi, kahawa na ushuru wa kuegesha vibaki kijijini. Hifadhi yenyewe ipange ratiba, na sehemu za mazalia ya ndege zifungwe majira ya kuatamia. La tatu litaleta ubishi, nalijua: nusu ya waongozaji watoke kwa wavuvi walioacha uvuvi haramu, wapelekwe Rubondo wakajifunze kazi kwa wenzao, na gharama ya mafunzo ilipwe na kampuni inayoomba kibali. Kampuni itakayoona hilo ni ghali, iachwe ikatafute maji mengine.