Kwenda Korea Kufundisha: Tupime Kabla ya Kuuza Shamba

Hotuba kwa viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu



Waheshimiwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa jumuiya, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliojitokeza leo kwa wingi kuliko ilivyo desturi yenu: Tume ya Haki na Amani imeniomba niseme juu ya swali lililoletwa na familia moja ya hapa kwetu. Wenyewe wameniruhusu kulisema hadharani, bila kutaja majina, kwa kuwa wanajua si wao peke yao wanaolala nalo.

Familia hiyo ina vijana wawili, mtu na binamu yake. Wa kwanza amesoma hapa nchini. Ana shahada ya ualimu, somo lake ni Kiingereza, na huu ni mwaka wa tatu anasubiri ajira. Wa pili alikulia Kanada na ni raia wa huko. Wote wawili wamepata habari ya kazi ya kufundisha Kiingereza katika mji wa Jeonju, Korea ya Kusini. Yule wa Kanada anajiuliza kama aache kazi aliyo nayo. Yule wa hapa ameambiwa na wakala kwamba nafasi yake ipo tayari, ila kwanza itangulie ada. Wazee wanafikiri kuuza ekari mbili. Swali lao ni fupi: aende au asiende?

Kwanza tuujue mji wenyewe, maana mtu hahamii nchi. Huhamia mtaa, chumba na darasa. Jeonju uko kusini-magharibi mwa Korea, chini ya saa mbili kwa treni ya kasi kutoka Seoul. Una watu zaidi ya laki sita, na kwa hesabu ya Kikorea huo ni mji wa kati. Ni makao makuu ya jimbo la Jeonbuk. Unajulikana kwa nyumba za kale za mbao na vigae, kwa karatasi iliyotengenezwa kwa mikono, na kwa chakula cha wali uliochanganywa na mboga kiitwacho bibimbap. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka katika orodha ya miji yenye sifa ya mapishi. Gharama za maisha ni nafuu kuliko za Seoul. Majira ya baridi maji huganda, na katikati ya kiangazi mvua hunyesha kwa majuma. Lugha ya mtaani ni Kikorea: sokoni, hospitalini, benki. Anayetegemea Kiingereza peke yake atajikuta bubu mara atokapo mlango wa shule.

Ninyi viongozi wa walei mniruhusu neno la pembeni. Kanisa la Korea halikuanzishwa na padre. Mwaka 1784 mlei mmoja, Yi Seung-hun, alibatizwa Beijing, akarudi nyumbani, na walei wakaanza kubatizana na kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1791, huko huko Jeonju, walei wawili, Paulo Yun Ji-chung na Yakobo Kwon Sang-yeon, waliuawa kwa sababu ya imani yao. Kanisa la Jeondong, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, limesimama mahali hapo, na mawe ya msingi wake yalitoka katika ukuta wa zamani wa mji. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza wenye heri mwezi Agosti 2014, wao na wenzao hata kufika 124. Kijana wetu akifika huko, Jumapili hatakosa nyumba.

Turudi kwenye kazi. Kwa nini nchi yenye shule nyingi na walimu hodari iite wageni? Sababu ni mtihani. Kila mwezi wa Novemba wanafunzi takriban nusu milioni hufanya mtihani wa kuingia vyuo vikuu, na siku hiyo nchi nzima hunyamaza: ofisi huchelewa kufunguliwa ili watahiniwa wasikwame njiani, na ndege huzuiwa kuruka au kutua wakati wa zoezi la kusikiliza Kiingereza. Kwa hofu ya mtihani huo wazazi hupeleka watoto katika shule za tuisheni ziitwazo hagwon. Serikali ya kijeshi ilipiga marufuku tuisheni mwaka 1980. Mahakama ya Katiba ikaitangua marufuku hiyo mwaka 2000. Mwaka 2024 wanafunzi wanane katika kila kumi walisoma tuisheni ya namna fulani, na wazazi walilipa jumla ya won trilioni 29. Sisi ambao tumeona tuisheni zetu zikikua mwaka hadi mwaka tusiwacheke.

Basi kuna milango miwili. Mmoja ni shule za serikali, kwa mpango uitwao EPIK ulioanza mwaka 1995: vipindi 22 kwa juma, mchana, mwalimu mgeni akishirikiana na mwalimu Mkorea. Wa pili ni hagwon: vipindi kama thelathini au zaidi, mara nyingi kuanzia alasiri hadi usiku, kwa watoto ambao tayari wametoka shule na wamechoka. Kwa kawaida mwalimu mpya hulipwa zaidi kidogo ya won milioni mbili kwa mwezi na hupewa chumba kimoja cha kuishi. Akimaliza mwaka mzima, sheria inampa kiinua mgongo cha mshahara wa takriban mwezi mmoja. Hapo ndipo penye mtego: zimesikika mara nyingi habari za waajiri wa hagwon wanaomtafutia mwalimu kosa katika mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ili mwaka usitimie.

Sasa nije kwenye jambo zito, na ninawaomba wazee walisikilize kwa utulivu. Viza ya kufundisha lugha huko huitwa E-2. Haitolewi kwa kila ajuaye Kiingereza. Kwa Kiingereza, hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini. Katika bara letu zima, nchi iliyomo ni moja. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo, Nigeria haimo, Ghana haimo. India iliongezewa kinjia kidogo, kwa walimu wenye leseni, kwa mkataba wa kiuchumi ulioanza kutumika mwaka 2010. Mpango wa Korea wa kuajiri wafanyakazi wa viwandani na mashambani nao ni kwa nchi za Asia zilizotia saini makubaliano.

Maana yake ni hii. Kijana wetu mwenye shahada ya ualimu, aliyesomea kufundisha Kiingereza na kukifanyia mazoezi darasani mbele ya wanafunzi sabini, hawezi kupata viza hiyo. Binamu yake, ambaye shahada yake ni ya biashara na hajawahi kushika chaki, anaweza. Kinachowatenga ni kijitabu cha pasi. Uwezo wao haukuulizwa. Sioni namna ya kuliita jambo hili kwa jina jingine zaidi ya upendeleo wa uraia uliovishwa joho la lugha. Kila taifa lina haki ya kulinda mipaka yake, na Kanisa halijalikanusha hilo. Lakini sheria inayodai kupima ufasaha ingempima mtu.

Kwa hiyo, jibu kwa kijana wa hapa: asiende kwa njia aliyoahidiwa, na ekari zisiuzwe. Ninasema hivyo bila kusitasita, kwa sababu njia hiyo haipo. Wakala anayesema “utaingia kwa viza ya matembezi, kazi utaianza, karatasi zitafuata” anampeleka mtoto wa watu kufanya kazi kinyume cha sheria. Akikamatwa atatozwa faini na kurudishwa, na hataruhusiwa kuingia tena kwa muda. Asipokamatwa ni vibaya zaidi: mwajiri atajua kwamba hana mahali pa kushtaki. Tena, katika kazi halali wakala hulipwa na shule, wala si na mwalimu. Na utaratibu halali huanzia Korea: mwajiri huomba kibali katika idara ya uhamiaji, hupewa namba, na mwombaji huipeleka namba hiyo ubalozini. Ubalozi wa Korea upo Dar es Salaam. Asiyeweza kuonyesha namba hana kazi ya kuuza.

Je, hakuna njia nyingine kabisa? Zipo, ila ni nyembamba. Chuo kikuu kinaweza kumwajiri mgeni wa nchi yoyote kuwa mhadhiri, kama ana sifa za juu. Zipo shule za kimataifa zinazoweza kuajiri walimu wa masomo. Na serikali ya Korea hutoa ufadhili wa masomo ya juu ambao Waafrika wamo. Kiswahili chenyewe hufundishwa huko, katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni. Kijana mwenye alama nzuri afadhali atumie miaka yake kuomba ufadhili kuliko kutumia shamba la babu yake kununua ahadi.

Kwa yule wa Kanada jibu si hilo, wala si rahisi hivyo. Njia yake ni halali. Kama hana watoto wanaomtegemea, kama kazi anayoiacha haitampotea, na kama kweli anataka kufundisha, mwaka mmoja Jeonju unaweza kumpa akiba na ukomavu. Ningemshauri aanze na shule ya serikali. Lakini ajue mambo ambayo matangazo hayasemi. Viza yake imefungwa kwa mwajiri. Kabla ya mkataba kwisha hawezi kuhamia shule nyingine bila ridhaa ya mwajiri huyo, isipokuwa kwa sababu maalumu. Barua ya maombi hudai picha, na walimu weusi, wakiwamo Wamarekani, wameeleza hadharani jinsi baadhi ya hagwon zilivyowakataa kwa sababu ya rangi. Muswada wa sheria ya kuzuia ubaguzi umepelekwa bungeni mara kadhaa tangu mwaka 2007 bila kupita. Nao watoto wanapungua mno: mwaka 2023 wastani wa uzazi ulishuka hadi 0.72 kwa kila mwanamke, na miji isiyo mikubwa inaona shule zikifungwa. Kazi hii haitamzeesha mtu huko.

Msidhani lakini kwamba dhuluma ikishawekwa katika kanuni haiondoki. Kuanzia mwaka 2007 walimu wageni wa lugha walilazimishwa kupimwa Ukimwi na dawa za kulevya, wakati walimu Wakorea hawakudaiwa hivyo. Mwalimu mmoja kutoka New Zealand, aliyefundisha katika mji wa Ulsan, alikataa kupimwa mara ya pili, na mkataba wake haukuongezwa. Hakupiga kelele za mtaani. Alipeleka shauri lake hatua kwa hatua hata likafika katika Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi, ambayo mwezi Mei 2015 iliamua kwamba haki yake ilivunjwa. Mwaka 2017 serikali ya Korea ilitangaza kwamba imeondoa kipimo hicho cha Ukimwi kwa walimu hao. Ni mtu mmoja, na miaka kadhaa ya subira.

Ninalitaja hili kwa sababu suala la orodha ya nchi saba nalo lina mlango wa kubishia hodi. India ilipata njia yake kwa mkataba baina ya serikali na serikali. Mwezi Juni 2024 viongozi wa Afrika walikutana Seoul na serikali ya Korea. Hukaa mezani wakazungumza juu ya madini, mikopo na barabara. Sijui kwa nini walimu wetu wasizungumzwe. Mbunge wa jimbo hili anaweza kuandikiwa. Tume itaandaa barua, na ninawaomba viongozi wa vigango waisome kwanza, waikosoe, ndipo waitie saini.

Kwa wale ambao tayari wana mtu aliyeko huko au aliye njiani, mambo machache ya haraka. Pasi ni ya mwenyewe. Sheria ya Korea inamkataza mwajiri kuishikilia kama rehani. Mkataba uandikwe pia kwa Kiingereza, na anayekwenda abaki na nakala, nasi tubaki na nyingine. Asiyelipwa anaweza kushtaki katika ofisi ya kazi ya wilaya anakoishi, hata kama ni mgeni.

Yeyote aliyekwisha kulipa fedha kwa wakala alete stakabadhi, au ujumbe wa simu kama stakabadhi hakupewa, katika ofisi ya parokia siku ya Jumatano baada ya Misa ya asubuhi. Katekista atakuwapo, pamoja na mwanasheria aliyekubali kutusaidia bila malipo. Aje na mzee mmoja wa familia, maana katika kesi za namna hii mwenye shamba na mwenye pasi mara nyingi si mtu mmoja, nasi tunataka kuwasikia wote wawili.