Maneno Yaandamanayo: Kiswahili na Kutaja Matokeo Mema

Utangulizi

Maneno ya lugha hayapangani ovyo. Kila neno lina wenzi wake. Katika miaka ya 1950, J. R. Firth, aliyekuwa profesa wa isimu jijini London, alisisitiza kwamba sehemu ya maana ya neno hupatikana katika maneno linaloandamana nayo. Mhadhara huu unatumia mtazamo huo kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyotaja matokeo mema. Hoja yake ni kwamba wenzi wa maneno hayo ni wengi na mahususi, na kwamba tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza inawaweka kando.

Ushahidi wa sokoni

Mfano ulio karibu ni Mchafukoge, kata ya katikati ya Dar es Salaam, jirani na Kariakoo. Jina lenyewe ni maneno mawili yaliyoandamana hadi yakagandana: 'mchafu' na 'koge', yaani kaoge. Katika maduka ya maeneo haya, muuzaji ambaye mambo yamemwendea vyema aghalabu hasemi kwamba amepata matokeo mazuri. Husema soko limechangamka, mzigo unatoka, biashara imechanganya. Mambo yakienda kombo, bidhaa hudoda. Ikumbukwe kwamba soko huchangamka, lakini mzigo hauchangamki. Mzigo hutoka, lakini soko halitoki. Hakuna kanuni ya sarufi inayokataza mabadilishano hayo. Kinachoyakataza ni mazoea ya wasemaji.

Hali ni hiyo hiyo nje ya soko. Sherehe hufana, mazao hustawi, juhudi huzaa matunda, ndoto hutimia, dua hupokelewa, mgonjwa hupata nafuu. Anayesema 'sherehe ilistawi' ataeleweka, lakini sikio litamtambua kuwa mgeni wa lugha.

Vitenzi navyo vina upande. Mwaka 1995 Michael Stubbs alionyesha kwamba kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kusababisha huandamana zaidi na mambo mabaya. Kiswahili nacho kina mwelekeo kama huo: ajali, vifo na hasara husababishwa, ilhali neema huletwa na mtu hujaliwa mtoto. Msikilizaji akisikia 'mvua imesababisha', hutarajia mafuriko kabla ya kutarajia mavuno.

Tafsiri na wenzi wa kuazima

Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango ulioitwa kwa Kiswahili Matokeo Makubwa Sasa, tafsiri ya jina lake la Kiingereza. Kila neno hapo ni sahihi. Hata hivyo, 'makubwa' likisimama peke yake katika mazungumzo ya mitaani ni mguno wa mshangao, na mara nyingi habari inayoguniwa si njema. Ukubwa ni sifa ya matokeo kwa mazoea ya Kiingereza. Kiswahili kingeweza kutaja tija au ufanisi.

Kirai kilichoenea zaidi ni 'matokeo chanya'. Neno 'chanya' limezoeleka katika hisabati, mkabala na 'hasi'. Katika maabara ya hospitali, kipimo chanya huonyesha kwamba kinachotafutwa kimepatikana. Kikitafutwa kimelea cha malaria, habari hiyo si ya kushangiliwa. Kirai hicho kina nafasi yake pale mtafiti anapojumlisha matokeo ya aina nyingi. Tatizo huanza kinapotumika kila mahali. Taarifa ikisema kwamba mradi umeleta matokeo chanya, msomaji hajui kama mazao yamestawi, mapato yameongezeka au wagonjwa wamepona. Neno moja limechukua kazi ya maneno kumi, na habari imepotea.

Hitimisho

Kwa mintarafu hiyo, fasili pekee haimtoshi mtumiaji wa kamusi. Kidahizo 'fana' kinapaswa kumwonyesha kwamba kinachofana ni sherehe, hafla au mkutano. Kidahizo 'doda' kimwonyeshe bidhaa. Wanafunzi wanaweza kuianza kazi hiyo kwa kukusanya matumizi halisi, na maduka ya Mchafukoge na Kariakoo ni maktaba iliyo wazi kwao. Mfasiri naye, kabla ya kuandika 'matokeo chanya', ajiulize kwanza: ni kitu gani kilichofanikiwa, na Waswahili husemaje kitu hicho kinapofanikiwa?