Taka za mtaani, nimwone nani?

Msikilizaji, swali linalorudi kila mara kutoka Kayole, Umoja na Dandora, mitaa ya Nairobi, ni hili: taka zimerundikana langoni, nimwone nani? Wengi hukimbilia kwa chifu. Chifu atakusikiliza, lakini yeye ni afisa wa serikali ya kitaifa. Uzoaji taka ni jukumu la kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mlango wako ni msimamizi wa wadi, aliyeajiriwa na kaunti, au mwakilishi wa wadi, yule uliyempigia kura. Nairobi ina wadi 85.

Mkanganyiko huu una gharama. Mama anatoka na mtoto mgongoni, analipa nauli ya matatu, anapanga foleni hadi saa sita, kisha anaambiwa, "Si hapa, mama." Siku ya biashara imekwenda. Hilo linaniuma, kwa sababu kibao kimoja cha maelezo mlangoni kingemwokoa.

Na si taka tu zinazochanganya watu. Chekechea ni ya kaunti. Shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ni ya kaunti. Ile ya Kenyatta siyo. Barabara ya Outer Ring ilijengwa na KURA, Mamlaka ya Barabara za Mijini, ambayo nayo si ya kaunti.

Ukizungushwa, andika barua ya kuomba habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari la raia ndani ya siku 21. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe.