Ukaguzi wa Umeme Majumbani: Mazungumzo ya Mkaguzi na Wananchi

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mkaguzi wa umeme mbele ya masheha, mafundi na wenye nyumba wa Unguja Mjini. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wananchi wote.)





 Nawashukuru walionipa fursa ya kuieleza kazi yangu, kazi ambayo wengi wenu mnaijua kwa upande mmoja tu, nao ni ule wa kucheleweshewa kuungiwa umeme. Leo napenda muijue kwa upande wa pili.

Mkaguzi haji nyumbani kumtafutia mtu makosa. Huja kutafuta jawabu la suala moja: waya ukivuja usiku watu wamelala, je, umeme utajikata wenyewe, au utangoja mtu aushike?

Ukaguzi huanza kwa macho, umeme ukiwa umezimwa. Hutazamwa unene wa waya, maungio, na namna soketi zilivyofungwa. Kisha hutumika vipimo. Kwanza hupimwa kama waya wa ardhi umefika kila soketi bila ya kukatika. Pili hupimwa gamba la waya kwa msukumo wa volti 500, na kipimo kisipungue megaomu moja. Tatu huhakikishwa kwamba swichi inakata waya wa moto, si waya mwengine. Kwani taa inaweza kuzimika na huku kishikio chake kingali kina umeme. Mwisho hupimwa chuma kilichozikwa ardhini na vikata umeme. Kazi yote hii haimalizwi kwa kuchungulia mlangoni.

Ndugu wananchi, nyumba zetu zina mambo yake. Katika Mji Mkongwe, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunyonya maji ya mvua. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula shaba na skrubu. Ungio likishalika hulegea, likilegea hupata moto, na juu yake pana boriti na mbao kavu. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja hivi sasa huweza kukaliwa na familia kadhaa, na kila moja imejivutia waya wake kutoka soketi ile ile. Huko ng'ambo ya mji, ardhi ya mchanga mkavu na mawe haipitishi umeme kwa wepesi, na chuma kifupi kilichochomekwa juu juu hakifai kitu wakati wa kiangazi.

Wengi huniambia, "Nyumba yangu ina fyuzi, mimi nimesalimika." Naomba nilieleze jambo hili kwa hesabu. Fyuzi ya plagi zetu za pini tatu, iliyo kubwa kabisa, ni ya ampia 13. Moyo wa binaadamu unaweza kuvurugika kwa umeme unaozidi kidogo miliampia 30 ukimpitia kwa muda. Ampia 13 ni zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Mtu atakufa na fyuzi haijahisi lolote. Fyuzi hulinda waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni waya wa ardhi ulio mzima, pamoja na kile kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampia 30 na kukata kwa chini ya nusu sekunde.

Sitaki mdhani kwamba nayasema haya kwa kuyasoma vitabuni tu. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, mzee mmoja ninayemheshimu alinisubiri barazani kwake tangu mchana. Nilifika jua linakuchwa, na chombo cha kupimia ardhi nilikuwa nimekiacha ofisini. Akaniambia, "Mwanangu, fundi kishamaliza, watoto wamo kizani. Tia saini tu." Niliona haya kumrudisha mzee. Nikatia saini.

Miezi michache baadaye, mjukuu wake alifungua friji akiwa miguu mitupu juu ya sakafu iliyokuwa inapigwa maji. Umeme ukamng'ang'ania. Alhamdulillahi, dada yake alikuwa karibu na swichi kuu akaizima, na mtoto akapona, ila kovu limebaki kiganjani. Nilipokwenda kupima, nilikuta waya wa ardhi umezungushwa soketi zote vizuri, lakini nje ya ukuta ncha yake inaning'inia, haikufungwa popote. Fundi alikosea, lakini saini ilikuwa yangu. Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo lilinielemea kuliko lawama.

Tangu siku hiyo nimewahi kuzuia nyumba isiwashwe usiku wa kuamkia harusi, na nimeitwa mwenye roho mbaya. Nimevumilia. Huambiwa kuwa ajali haina kinga. Ajali ya umeme, aghalabu, kinga inayo.

Kwa ndugu mafundi nina mawili. La kwanza ni rangi za waya. Katika mtindo wa zamani wa Kiingereza, nyekundu ni ya moto na nyeusi si ya moto. Katika mtindo mpya, kahawia ni ya moto na buluu si ya moto. Khatari ipo katika mitambo ya njia tatu, ambako buluu ya zamani ilikuwa ya moto, na nyeusi ya mtindo mpya pia ni ya moto. Katika nyumba iliyochanganya mitindo miwili, msiiamini rangi, pimeni.

La pili ni jenereta. Mnakumbuka kwamba Unguja, ambayo tangu mwaka 1980 hupata umeme wa Bara kwa waya wa chini ya bahari, ilikaa kizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Jenereta ziliingia majumbani mwetu. Jenereta ikichomekwa kwenye soketi bila ya swichi ya kubadilishia, umeme wake hurudi barabarani, na transfoma huupandisha hadi volti 11,000. Fundi aliye juu ya nguzo anaamini kuwa waya umekufa. Yeye naye ana watoto wanaomngoja.

Kwa wenye nyumba nasisitiza haya:

1. Usiunganishe pasi na birika la umeme katika soketi moja. Kila kimoja kikiwa cha wati 2,000, jumla yake ni zaidi ya ampia 17.

2. Plagi au swichi ikipata moto, au ukisikia harufu ya kuungua, zima na umwite fundi.

3. Usitie kipande cha waya mahali pa fyuzi.

4. Aliyeshikwa na umeme asiguswe kwa mkono. Zima swichi kuu kwanza.

5. Usipokee kazi ya fundi kabla haijapimwa mbele yako. Uliza vipimo, na uviweke pamoja na hati ya nyumba.

Waheshimiwa Masheha, nawaombeni muwaeleze wananchi wa shehia zenu kwamba mkaguzi anapokataa kutia saini, huwa hajaikataa nyumba. Anaomba siku mbili ili ndani ya nyumba hiyo watu walale kwa salama.